Mama Aliyesomea Dirishani

Nimewafundisha watu wengi kusoma, na nikikutana nao njiani wananiamkia kwa heshima ambayo siku nyingine naistahili. Kwenye arusi na matanga hakosi mtu wa kusimama na kusema kwamba mimi ndiye niliyewashikisha watu wazima kalamu huku Muleba. Hapo natazama chini, na watu husema, mwone mwalimu, hana makuu. Unyenyekevu gani! Ni aibu ile. Yuko mama mmoja ambaye hata nikiwa peke yangu kibanjani napogoa migomba, nikimkumbuka, nasimama na panga mkononi nikiwa sijui nilitaka kukata nini. Leo nitasema, maana sitaki kuzikwa nayo.

Enzi zile za Mwingereza nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mtoto wa Kilutheri kutoka Kaagya. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na mafunzo kidogo ya ualimu, nikapelekwa Muleba kufundisha watoto. Nilikuwa na kaptula mbili nyeupe, soksi ndefu, na kichwa kilichovimba. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa, lakini nilikitembeza kijijini kama mtu anayetembeza baiskeli mpya.

Asubuhi nilikuwa na watoto. Mchana, mara nne kwa wiki, nilikuwa na watu wazima katika banda la kahawa. Darasa hilo halikuwa la serikali wala la kanisa. Lilianzishwa na wazee watatu waliochoka kuona watu wakizunguka na karatasi kutafuta wa kuwasomea: Mlutheri mmoja mwenye kibanja kikubwa, katekista wa Kikatoliki, na fundi cherehani, Mwislamu, aliyeshona barazani karibu na gulio. Mlutheri alitoa mabenchi, katekista alitafuta watu, fundi alinunua chaki, na mimi nilijitolea kufundisha bila malipo. Hilo la bila malipo nilihakikisha kila mtu analijua.

Msidhani watu wanakuja kusoma kwa sababu moja, au kwa saa moja. Walutheri walitaka tuanze kwa wimbo. Wakatoliki wakasema wimbo wetu hawauimbi. Fundi akasema wakielewana kuhusu wimbo wamwite, yeye yuko kwenye cherehani yake. Mwishowe tukakubaliana tuanze kwa kufuta ubao. Wavuvi wa Bumbire walikuja siku za mbalamwezi tu, kwa sababu mwezi ukiwaka samaki huuona wavu, kwa hiyo walijifunza herufi nusu mwezi huu na nusu mwezi ujao, na katikati walisahau zote. Vibarua kutoka Urundi waliokuja kulima vibanja vya watu walipata nafasi Jumapili, na ilibidi tuwaongezee siku. Kiswahili chenyewe walikuwa bado wanakitafuta. Wenye vibanja hawakutaka kukaa benchi moja na vibarua wao. Wanawake walifika baada ya kupalilia, na ilibidi waondoke mapema wakamenye ndizi za jioni. Mimi nililalamika kila siku. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba darasa ni mistari iliyonyooka, na hili langu lilikwenda kama njia ya mbuzi.

Kati ya wanawake hao alikuwamo mjane mmoja, Mkatoliki, wa umri wa mama yangu. Alikuwa mkunga wa kilima kizima. Nusu ya watoto niliowafundisha asubuhi walikuwa wamepokewa na mikono yake. Lakini mwaka ule wanawake wawili walimfia mikononi, na mmoja wao alikuwa mtoto wa dada yake. Akasikia kwamba hospitali moja ya Bukoba inawafundisha wanawake ukunga wa kisasa, ila inachukua wanaojua kusoma tu, kwa sababu dawa zina maandishi. Siku ya kwanza nilimuuliza, kama nilivyowauliza wote, kwa nini anataka kusoma. Nilitegemea aseme Biblia au barua.

"Barua za watu sizitaki, mwalimu," alisema. "Nataka kusoma chupa."

Darasa likacheka, na yeye akacheka nao. Lakini alisoma kama mtu anayefukuzwa. Vibao vya wenzake vilirudi nyumbani vikiwa vimefutwa, chake kilirudi kesho yake kimejaa. Baada ya miezi sita alisoma tangazo la kahawa lililobandikwa mlangoni, mstari kwa mstari, bila kidole. Nilijisifu kwa hilo mpaka fundi akaniuliza kama na yule mama alichangia chochote.

Halafu akaja mkwe wake.

Alikuwa amemwoa binti yake wa mwisho. Miaka yote alikuwa Bukoba mjini akimpikia Mzungu mmoja, na Mzungu aliporudi kwao naye akarudi kijijini. Kiingereza cha jikoni alikisikia vizuri kuliko mimi, ila herufi hata moja hakuijua. Akaomba kuingia darasani, na nani amkatae? Hivyo siku moja nikaingia bandani nikamkuta ameketi kwenye benchi, na mama mkunga hayumo. Nilidhani anaumwa. Nikasikia mtu akikohoa nje. Nilipochungulia dirishani, dirisha lenyewe tundu tu kwenye ukuta wa matete, nilimwona ameketi chini kwenye mkeka wa kuanikia kahawa, kibao magotini, macho kwenye ubao.

Asiye wa kwetu aelewe. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Wakionana njiani mmoja anaingia mgombani. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, na kugusana ndiyo usiseme. Wazee walisema mkono uliogusa mkwe utakuja kutetemeka mpaka kaburini. Hiyo si chuki, ni heshima, na wawili hawa waliheshimiana sana.

Wala hakuna aliyeniomba nipange chochote. Walijipanga wenyewe. Mpishi alikaa pembeni, mgongo dirishani. Mama alikaa nje upande ambao hawezi kumwona. Kibao chake kilipita dirishani kwa mwanamke wa mwisho wa benchi, kikanifikia, kikarudi. Zamu ya mama ya kusoma kwa sauti ilipokaribia, mpishi alitoka kwa mlango kwenda kuvuta kiko, akarudi ilipokwisha. Darasa zima lilijua, na hakuna aliyelisema. Mimi nilisogeza ubao kidogo ili mama auone, na hilo ndilo jambo la maana kuliko yote niliyofanya katika banda lile. Lau ningeishia hapo!

Baada ya muda nikasikia kwamba muuguzi wa Kizungu atapita Muleba kuchagua mwanamke mmoja wa kwenda kusomea ukunga. Nafasi ilikuwa moja. Niliandika barua, kwa Kiingereza, kwamba tunaye mama mmoja anayesoma vizuri kupita wote na ambaye tayari ni mkunga. Nilimwambia mama habari hiyo pale pale dirishani. Akasema ataanza kuvunja chungu cha zamani, maana mambo yake yanakuwa mapya. Wiki ile alisoma kila kitu kilichokuwa na herufi: kopo la mafuta ya taa, gunia, hata kiberiti cha fundi. Wanawake wenzake walimtania kwamba akienda Bukoba atarudi amevaa viatu, na wao watajifungua kwa adabu.

Siku yenyewe ilinyesha manyunyu. Ulikuwa msimu wa kahawa, na magunia yalikuwa yamejaa bandani mpaka njia kati ya mabenchi ikabaki ya mtu mmoja kupita ubavu. Muuguzi alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye viatu vya kamba vilivyojaa tope, na alitusalimu kwa Kiswahili cha kuhesabu. Aliwasikiliza wanawake wawili wakisoma kwa kukwama. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza yuko wapi yule niliyemwandikia.

Nikatazama dirishani. Hapo ndipo shetani aliponipata. Mama alikuwa chini pale pale, jani la mgomba kichwani kuzuia mvua, matope mpaka vifundoni, kibao kifuani. Kila siku nilimwona hivyo na sikuona kitu. Siku ile nilimwona kwa macho ambayo nilidhani ni ya muuguzi, na nikaona aibu. Nikajiambia, huyu Mzungu atasema nini? Kwamba mwalimu huyu mwenye soksi ndefu anamsomesha mwanafunzi wake bora nje topeni, kama mbuzi, kwa sababu ya mambo ya wazee? Maskini, muuguzi hakuwa amesema lolote. Yote niliyasema mimi, ndani ya kichwa changu.

Nikamwita aingie. Akasema kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, ya heshima, "Mwalimu waitu, nitasomea hapa hapa."

Nilijua kwa nini. Naomba hilo lieleweke, maana watu wameniombea udhuru kwamba nilikuwa kijana. Nilizaliwa Kaagya, si Ulaya. Mama yangu mwenyewe aliingia mgombani mume wa dada yangu alipopita. Nilijua vilevile kwamba mpishi hakuweza kutoka, kwa kuwa magunia yalimziba, na mgeni alikuwa amesimama njiani. Mpishi alikuwa amejiinamia, kofia usoni, anangoja yaishe. Ingetosha niseme neno moja tu, mgeni asogee dirishani, basi. Alikuwa na masikio, na dirisha lilikuwa wazi.

Badala yake nilitoka nje, nikamshika mama mkono, nikamvuta. Hakupiga kelele. Alikuwa mzito kidogo, mguu wake mmoja ukateleza topeni, nami nikamvuta zaidi kama mtu anayevuta ndama. Nilimsukuma mlangoni. Wakati huo huo mpishi alisikia hatua, akaruka juu ya gunia apate kutoka, na katika njia ile ya mtu mmoja wakagongana kifua kwa kifua. Kibao kikaanguka kikavunjika. Mama alivuta shuka akajifunika uso, akatoka kinyumenyume, na nikamwona akikimbia mgombani, mtu wa umri wa mama yangu. Mpishi naye akapotea nyuma ya banda.

Muuguzi aliniuliza kuna nini. Akaniuliza tena, kwa upole, kama huyo ndiye mama wa kwenye barua.

Ningeweza kueleza. Kiingereza changu kilitosha, hata kama kingechechemea. Nilifungua kinywa nieleze habari ya ukwe, nikaona haya kuisema kwa lugha ya wenyewe, nikaona nitachekwa. Nikasema, "Hapana, huyo ni mwingine. Hajui kusoma. Anawaogopa watu." Maneno hayo kwa Kiingereza yalinitoka bila kosa hata moja.

Akachaguliwa mmoja wa wale wawili waliokwama. Alikwenda Bukoba, akajifunza, na hakurudi tena Muleba. Simlaumu.

Mama hakukanyaga tena bandani. Wala mpishi. Wanawake wa Kikatoliki walipungua mmoja mmoja, wakisema kijana wa Kilutheri amemvua nguo mama yao, na kwa kweli hawakukosea. Fundi alikuja kwangu akiwa na tepu yake shingoni, akaniambia kwamba nipeleke mtungi wa lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa familia zote mbili, nipige magoti, niombe radhi, hayo mambo yana njia yake. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa elimu, siendi kuabudu ushirikina. Akasema chaki imekwisha na hatanunua nyingine. Msimu uliofuata banda likarudi kuwa la kahawa tu.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Kijijini habari haina mlango. Watu walisema mkunga amemgusa mkwe wake, mikono yake itatetemeka, na nani atampa mtoto mwenye mikono ya kutetemeka? Wakaacha kumwita. Mmoja wa wanafunzi wangu, msichana wa benchi la mbele aliyependa kuandika herufi kubwa mno, alikufa akijifungua, nyumba ya tatu kutoka kwa mkunga. Hawakumwita. Nilikwenda kumzika. Niliimba sauti ya pili, na sauti haikukatika. Mpaka leo najiuliza nilikuwa mtu wa namna gani.

Ilipita miaka mitano. Nilikuwa nimeoa. Mke wangu alishikwa na uchungu asubuhi moja ya masika, wakati barabara ya Bukoba ilikuwa imekatika na lori halikutarajiwa. Kufika saa nne hali ilikuwa imebadilika, na mke wangu, aliyeijua habari yote kwa sababu kila mtu aliijua, akaniambia, nenda kamwite. Nikasema watu wanasema mikono yake. Akaniambia kama ni mikono, basi nilete yangu.

Nilikwenda mbio. Nyumba yake ilikuwa msonge wa zamani, nyasi mpya sakafuni. Nilivua viatu mlangoni nikapiga magoti kwenye nyasi zile, na maneno yote niliyokuwa nimeyatayarisha njiani yakanikimbia. Yeye hakuniuliza kitu. Kwanza alinipa akamwani, buni za kahawa, nitafune, kama mgeni yeyote, ingawa aliona ninavyohema. Kisha akainua mikono yake miwili mbele ya uso wangu, vidole vimenyooka, akaishikilia hapo.

"Tazama vizuri, mwalimu," alisema. "Inatetemeka?"

Haikutetemeka. Iliyotetemeka ni yangu. Akachukua kikapu chake akanipita.

Mtoto alizaliwa kabla ya saa nane mchana, wa kike, mguu mbele, na mama yake akapona. Mke wangu alisema baadaye kwamba muda wote ule mkunga alizungumza naye habari za maharage, kama watu wawili walioketi jikoni. Mimi nilikuwa nje mgombani. Nilijiapia kwamba nitamwomba radhi kabla hajaondoka. Alipotoka, akiwa amechoka, nilimkabidhi kuku na chumvi, nikamshukuru sana, na radhi sikuiomba.

Siku ya tatu alirudi kumwona mtoto. Nami nilikuwa nimeleta kutoka ofisi ya gombolola karatasi ya karani ya kuandikisha kizazi. Palikuwa na mahali pa jina la mkunga na sahihi yake, na kama hajui kuandika, alama ya kidole. Nikaona hapa Mungu amenipa mlango. Nitampa kalamu, ataandika jina lake mbele yangu, na hapo hapo nitasema yote. Niliweka karatasi mezani, nikafungua wino, nikampa kalamu kwa mikono miwili.

Aliipokea. Aliinamia ile karatasi kwa muda. Kisha akailaza kalamu mezani taratibu, akachovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza mahali pa alama.

Nikamwambia, "Mama, wewe unajua kuandika."

"Mkwe wangu alikuwa nyuma ya dirisha siku ile," alisema, huku akifuta kidole kwenye jani. "Kiingereza anakisikia, na mke wake ni binti yangu. Ulimwambia yule muuguzi sijui kusoma. Karatasi ya serikali isije ikakufanya mwongo, mwalimu."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana. Miaka mitano alikuwa anajua, na miaka mitano alikuwa ananiitikia nikimwamkia njiani. Nilisimama pale na kifuniko cha wino mkononi. Alikwenda chumbani akamuaga mke wangu, akambusu mtoto utosini, akajitwisha kikapu. Mlangoni akageuka.

"Halafu umrudishie karani ile karatasi," akasema. "Ameandika Jumatano. Mtoto amezaliwa Jumanne."

Nikaiangalia. Kweli ilikuwa imeandikwa Jumatano, na mimi nilikuwa nimeisoma mara mbili njiani.